Kuandika makala ya falsafa ya maadili mpaka ichapwe: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, na wa mhadhiri msaidizi, ambaye amesoma falsafa ya maadili, ana jambo la kusema, na bado hajachapa makala kwenye jarida lenye wahakiki. Ukiwa unafundisha huku unaandika, tenga miezi minne hadi sita ya kuandika, kisha mwaka mwingine wa kusubiri na kurekebisha. Makala ya maneno 6,000 hadi 8,000 hupokelewa karibu kila mahali. Ikipita sana hapo, milango inaanza kufungwa.

Ushauri wa jumla kuhusu uandishi wa falsafa haumfikishi mtu mbali, kwa hiyo tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo. Umejengwa juu ya dhana ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili waliijua madrasa, au kwa kuishi na majirani waliosoma huko: faradhi kifaya, yaani wajibu wa jamii ambao wakiutimiza baadhi, wengine wameondokewa nao.

Hatua ya 1. Punguza swali mpaka liweze kukosewa

"Utu na maendeleo barani Afrika" ni kichwa cha warsha. Hakuna atakayekipinga, kwa hiyo hakuna cha kuthibitisha. Andika dai lako kwa sentensi moja isiyozidi maneno 30, kisha jiulize ni msomi gani makini angelikataa, na kwa sababu gani. Ukimpata huyo, una swali. Usipompata, endelea kupunguza. Kazi hii inaweza kula wiki tatu nzima, na hizo wiki usizione zimepotea.

Hatua ya 2. Chukua makala moja uibomoe

Usianze na vitabu kumi. Anza na makala moja fupi ambayo watu wanaijibu mpaka leo, uiandike upya kwa kauli zilizopangwa. Kauli zinazobeba hoja tutaziita nguzo. Mwanafalsafa Peter Singer aliandika mwaka 1971, watu wa Bengali Mashariki wakiwa wanakufa kwa kukosa chakula, makazi na matibabu; makala yake ilitoka 1972 katika jarida la Philosophy & Public Affairs. Ukiibomoa inabaki hivi:

Nguzo ya 1: Kuteseka na kufa kwa kukosa chakula, makazi na matibabu ni jambo baya.
Nguzo ya 2: Ukiweza kuzuia jambo baya bila kupoteza kitu chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo, yakupasa ulizuie.
Nguzo ya 3: Kwa kutoa fedha tunaweza kuzuia mateso hayo bila kupoteza kitu cha uzito huo.
Hitimisho: Yatupasa kutoa, na huko kutoa ni wajibu, si hisani.

Nguzo ya pili ndiyo inayobeba mzigo. Singer anaiegemeza kwenye mfano wa mtoto anayezama kwenye bwawa la kina kifupi: ukipita hapo, yakupasa uingie umtoe hata kama nguo zitachafuka. Kisha anasema umbali haubadili kitu, wala wingi wa watu wengine ambao nao wangeweza kusaidia.

Kosa linaloua rasimu nyingi hutokea hapa. Mwandishi anapambana na hitimisho: "Huu ni wajibu mkali mno, hakuna awezaye kuishi hivyo." Mhakiki atauliza swali moja tu: nguzo ipi imeanguka? Kama zote tatu zimesimama, hitimisho nalo limesimama, hata likikuumiza.

Fanya kazi hii kwa Kiswahili kwanza, hata kama makala yenyewe utaiandika kwa Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kinakulazimisha uchague kati ya *lazima*, *yapasa*, *yafaa* na *ni vyema*, na kila neno lina uzito wake. Ukiona hujui utumie lipi kwenye nguzo ya pili, ujue hujaielewa bado.

Hatua ya 3. Soma kwa kuwinda

Maandiko 12 hadi 20 yanatosha kwa makala moja. Ramani ya mada utaipata Stanford Encyclopedia of Philosophy, ambayo ni ya bure. PhilPapers itakuonyesha nani ameandika juu ya nini, na rasimu nyingi ziko wazi PhilArchive. JSTOR ina akaunti binafsi ya bure ya kusoma makala kadhaa kila mwezi. Muulize pia mkutubi wa chuo kama mmejiunga na Research4Life, mpango unaovipa vyuo majarida ya kulipia bure au kwa bei nafuu, kwa sababu vyuo vingi vya ukanda wetu vina haki hiyo na wanafunzi hawaambiwi. Ukikwama, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari mitatu umwombe nakala. Wengi hufurahi kusomwa.

Kwa kila andiko, andika mistari miwili kwenye daftari: linagusa nguzo ipi, na linasema nini juu yake. Muhtasari wa kurasa tano hutaurudia kuusoma.

Katika uwindaji huu utakutana na mwanafalsafa Liam Murphy, kwenye makala ya 1993 na kitabu cha 2000. Anaanza na wazo kwamba kuwasaidia wenye shida ni mradi wetu wa pamoja. Kwa hiyo kila mmoja anadaiwa fungu lake, yaani kile ambacho angedaiwa kama wote wangetimiza. Wengine wakikwepa, mimi silazimiki kubeba mizigo yao.

Sasa leta faradhi kifaya. Mtu akifa, kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni wajibu ulio juu ya jamii ya Waislamu wa pale. Wakifanya wanaotosha, waliobaki wameondokewa na wajibu. Asipofanya yeyote, wote waliojua na kuweza wana dhambi. Faradhi aini, kama swala tano, ni ya kila mtu peke yake, na hakuna anayeweza kuiswali kwa niaba yako.

Mwandishi mchanga atarukia dai hili: "Singer amekosea, maana faradhi kifaya inaonyesha kwamba wingi wa watu unaweza kuniondolea wajibu." Linavutia, lakini halisimami. Mtoto akishatolewa bwawani hakuna tena baya la kuzuia, kwa hiyo hata kwa kanuni ya Singer umeondokewa. Hamjagombana. Jaribu kila dai hivi kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza: mpe mpinzani wako nafasi ya kusema "nakubali", uone kama kuna kilichobaki.

Kilichobaki hapa kinamhusu Murphy. Yeye anatoka kwenye *wa pamoja* na kufika kwenye *kila mtu fungu lake*. Faradhi kifaya ni wajibu wa pamoja bila shaka yoyote, na haina mafungu: unaishia pale kitendo kinapotimia, uwe umefanya kidogo au kingi. Kwa hiyo hatua ile ya Murphy inahitaji sababu nyingine ya kuibeba. Dai letu linakuwa: "Wajibu kuwa wa jamii hakutoshi kuufanya uishie kwenye fungu la kila mmoja, faradhi kifaya ni wajibu wa jamii usio na mafungu." Maneno 21. Ni dogo kuliko la kwanza, na linasimama.

Ukitumia dhana ya kifiqhi, yaani ya sheria ya Kiislamu, isome kwa wenyewe. Wanausuli, yaani wataalamu wa misingi ya fiqhi, walio wengi wanasema faradhi kifaya inaelekezwa kwa wote kisha huanguka wanapotosha baadhi. Wachache wanasema tangu mwanzo inaelekezwa kwa baadhi wasioainishwa. Hoja yetu inasimama vizuri zaidi juu ya kauli ya kwanza, na yafaa uliseme hilo wazi kwenye makala. Mhakiki anayejua usuli akiona umepita kimya, ataacha kukuamini hata penye ukweli.

Hatua ya 4. Tunga mfano, ubadilishe kitu kimoja tu

Mifano ya watoto wawili wanaozama na waokoaji wawili, mmoja akatoroka, imejadiliwa sana. Ukiileta kana kwamba ni yako utachekwa. Tunga wako:

*Watu sita wanachimba kaburi. Wamekubaliana kila mmoja achimbe zamu ya nusu saa. Watatu wanaondoka bila kuchimba. Wewe umeshamaliza zamu yako, na kaburi limefika kiunoni. Jua linazama na maiti iko msikitini.*

Je, unaweza kujipangusa mchanga, ukasema fungu langu limekwisha, ukaenda zako? Kama jibu ni hapana, kuna wajibu wa pamoja unaovuka fungu.

Sasa angalia vinavyoweza kuuharibu. Ukisema marehemu ni baba yako, umeingiza wajibu wa mtoto kwa mzazi, na msomaji hajui tena kinachomsukuma. Ukisema wewe ndiye uliyewaita wale watatu, umeingiza dhamana ya ahadi. Hata "wamekubaliana" ina hatari, maana mtu anaweza kusema wajibu unatokana na makubaliano. Andika toleo la pili ambalo hakuna aliyekubaliana na yeyote, watu wamejikuta tu makaburini, uone kama jibu linabaki lilelile. Likibaki, tumia hilo. Mfano mzuri una sentensi tano au sita, na kila neno lililobaki lina kazi.

Hatua ya 5. Pingamizi kali kuliko yote, kwa sauti ya mwenyewe

Robo ya makala iende hapa. Pingamizi dhaifu ulilolitunga ili ulishinde litaonekana mara moja.

La kwanza: faradhi kifaya inatokana na amri ya Mungu, basi haimbani asiyeamini. Hili ni jepesi, na aya moja inalitosha. Hatumwombi msomaji aikubali amri. Tunamwonyesha umbo la wajibu ambalo watu wamelielewa na kuliishi kwa karne nyingi bila kujipinga.

La pili ndilo zito. Kaburi lina mwisho. Futi chache zaidi na kazi imekwisha. Njaa haina mwisho wa namna hiyo. Wajibu wa pamoja usio na mafungu, juu ya kazi isiyotimia, utamrudisha kila mtu kwenye ukali ule ule wa Singer. Pengine basi mafungu yanahitajika hasa kwa kazi zisizokwisha.

Usilikimbie. Lipe aya mbili liseme kwa nguvu zake zote, kisha ulipe gharama yake: kubali kwamba mfano wa kaburi hauonyeshi kuwa wajibu wa kusaidia hauna kikomo. Unaonyesha kwamba kama kikomo kipo, hakitokani na *upamoja*. Kinatokana na kutokwisha kwa kazi. Hapo hoja ya Murphy inageuka: ilijitambulisha kama hoja ya haki kati ya wanaoshirikiana, kumbe kinachoibeba ni ukali wa mzigo. Makala imepata kitu kikubwa kwa kukubali kupoteza kidogo. Wahakiki hulitafuta hilo.

Methali, mila, na "Waafrika wanaamini"

Rasimu nyingi kutoka kwetu huangukia hapa, na inatuuma, kwa sababu mali ipo.

Methali haiwezi kuwa nguzo. Ukiandika "haraka haraka haina baraka" kuthibitisha kwamba subira ni fadhila, msomaji wa Mombasa atakujibu "ngoja ngoja huumiza matumbo" na mmetoka sare. Tumia methali kufungua swali: kwa nini zote mbili zinasemwa, na nini kinaamua lini ipi itumike?

Vivyo hivyo kwa "Waafrika wanaamini kwamba...". Placide Tempels, mmisionari wa Katanga, aliwapa Wabantu wote falsafa moja katika kitabu cha 1945. Alexis Kagame wa Rwanda, katika tasnifu ya miaka ya 1950, aliitafuta falsafa ndani ya ngeli za Kinyarwanda. Paulin Hountondji wa Benin akauliza swali ambalo bado halijazeeka: taifa zima linawezaje kuwa na hoja moja isiyo na mwenyewe? Huko Nairobi, Henry Odera Oruka alijibu kwa kuwatafuta wazee wenye hekima mmoja mmoja na kuandika nani alisema nini na alijiteteaje. Ukitaka kutumia utu, fanya kama Thaddeus Metz alivyofanya mwaka 2007: aliandika kanuni yake kwa sentensi moja, akaipambanisha na kanuni nyingine. Unaweza kuikataa kanuni hiyo, maana ameiweka mahali inapoweza kukataliwa. Au ingia kwenye ugomvi uliopo tayari: Ifeanyi Menkiti anasema jamii ndiyo inayomkamilisha mtu kuwa mtu, Kwame Gyekye anasema mtu ana haki na thamani kabla ya hapo. Chagua upande na useme kwa nini.

Hatua ya 6. Kuipanga

Ikisiri iwe ya maneno 150: theluthi mbili yake iwe dai lako, si historia ya mada. Utangulizi uwe wa maneno 600, na dai lako lionekane kabla ya ukurasa wa kwanza kwisha. Hoja ya mpinzani ipewe maneno 1,200 kwa uaminifu kiasi kwamba yeye mwenyewe angeitia sahihi. Hoja yako 2,500. Mapingamizi 1,800. Hitimisho nusu ukurasa. Ziada kidogo itaenda kwenye tanbihi. Historia ndefu ya Aristotle, Kant na Mill kabla ya kufika kwenye jambo ni dalili ya tasnifu iliyokatwa vipande, na mhariri huikataa bila kuipeleka kwa wahakiki.

Kabla ya kuituma, mpe msomaji mmoja wa fani na mwingine asiye wa fani. Huyu wa pili akisoma kurasa tatu muulize, "Nadai nini?" Akikosea, rekebisha kurasa hizo.

Hatua ya 7. Kuchagua jarida

Fungua orodha yako ya marejeleo uhesabu majarida. Lile linalojirudia ndilo lenye wasomaji wa mjadala wako. Kwa mfano wetu, Utilitas na Journal of Moral Philosophy yanafaa. Ethics la Chicago, lililoanza 1890, ni la juu kabisa, na majarida ya daraja hilo hukubali chini ya makala 10 katika kila 100. Kama hoja yako ni fupi na kali, Analysis hupokea makala zisizozidi maneno 4,000. Thought and Practice, jarida la Chama cha Falsafa cha Kenya, linasomeka bure mtandaoni kupitia AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika. Ukitaka kuandika kwa Kiswahili, Swahili Forum huchapa makala kwa lugha yetu.

Soma pia habari za uhariri za karibuni. Mwaka 2024 wahariri wa Philosophy & Public Affairs walijiuzulu kwa pamoja kwa kutokubaliana na mchapishaji, wakaanzisha jarida jipya la bure, Free & Equal. Anayefuata sifa ya jina la zamani tu anaweza kutuma kazi kwa watu asiowajua.

Kuhusu fedha, majarida mengi ya falsafa yenye heshima hayakutozi kitu ukichapa kwa njia ya kawaida, ambayo wasomaji au maktaba ndizo zinazolipa. Ada kubwa huja ukichagua mwenyewe makala iwe wazi kwa wote. Jarida linalokuandikia barua pepe ya kukusifu, likaahidi kuchapa ndani ya siku saba na kutaka dola, achana nalo. Likiwa ni la wazi na huna hakika, angalia kama limo DOAJ, orodha ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa, au AJOL, na uone kama wahariri wake wanalitaja kwenye kurasa zao za vyuo.

Hatua ya 8. Kutuma

Tuma jarida moja kwa wakati mmoja. Kutuma mawili pamoja ni kosa la kitaaluma, na wahakiki wa mada moja ni wachache kiasi kwamba makala yako inaweza kumfikia mtu yuleyule mara mbili.

Ondoa jina lako kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye shukrani, na kwenye sifa za faili, ambako programu huliandika yenyewe. "Kama nilivyoonyesha kwingineko" igeuze kuwa nafsi ya tatu, au uiondoe. Jina la faili lisiwe na ukoo wako. Barua kwa mhariri iwe na sentensi nne: kichwa, dai, idadi ya maneno, na tamko kwamba haiko kwingine.

Miezi mitatu hadi sita ya kimya ni ya kawaida. Ukipita mwezi wa sita, andika kwa adabu kuuliza hali ya makala.

Hatua ya 9. Majibu yakirudi

Ikikataliwa, iache siku tatu, kisha chagua maoni mawili yenye maana, rekebisha kwa wiki mbili, tuma jarida la pili. Usiiandike upya yote kwa kumfurahisha mhakiki ambaye hataiona tena.

Ukiombwa kurekebisha na kuwasilisha upya, hiyo ni habari njema, hata kama barua inaumiza. Andika barua ya majibu ya kurasa tatu au nne. Nakili kila maoni ya mhakiki neno kwa neno, na chini yake andika umefanya nini, ukurasa gani, pamoja na sentensi mpya yenyewe. Kwa mfano: "Mhakiki wa 2 anasema makubaliano ya zamu ndiyo yanayobeba mfano wa kaburi. Ni kweli kwa toleo la kwanza. Katika ukurasa wa 11 sasa kuna toleo lisilo na makubaliano yoyote, na hoja inategemea hilo." Pale ambapo mhakiki amekosea, usimwambie amekosea. Mwambie sentensi yako ilimruhusu asome hivyo, kisha uonyeshe uliyoibadili. Mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Ukilikataa pendekezo, toa sababu ya aya moja, na usikatae zaidi ya mawili au matatu.

Wahakiki wakipingana, mmoja akisema fupisha sehemu ya fiqhi na mwingine akisema irefushe, mwandikie mhariri umuulize afuatwe nani. Yeye ndiye anayeamua.

Ikikubaliwa, utapewa nakala ya mwisho ya kuhakiki, mara nyingi kwa saa 48 hadi 72. Soma kwa sauti, kuanzia aya ya mwisho kurudi ya kwanza, na uangalie hasa maneno ya Kiswahili na Kiarabu, maana mpangaji chapa asiyeyajua huyakata vibaya mwishoni mwa mstari. Kisha soma mkataba kifungu kinachohusu rasimu iliyokubaliwa: wachapishaji wengi hukuruhusu kuiweka PhilArchive, wengine baada ya muda maalumu. Iweke siku hiyo inaporuhusiwa, ili mwanafunzi wa Tabora au Bujumbura asiye na maktaba yenye usajili aipate bila kukuandikia.